Hariri ya kutibu jicho si ile ya mtandio

Shangazi yangu alinipigia simu Jumatatu alfajiri kutoka Muheza. Jumamosi alikuwa anavunja mahindi, jani likamchapa jicho la kulia. Usiku wa kwanza alijipa moyo kwamba ni taka tu, itatoka na machozi. Usiku wa pili hakulala. Sasa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kuna mtu karusha klipu: wanasayansi wana bandeji ya hariri inayotoa dawa na kuponya majeraha ya jicho. Naye shangazi ana mtandio wa hariri aliotumiwa na mwanawe aliyeko Muscat, haujavaliwa hata mara mbili.

"Mwanangu," akaniuliza, "niuchemshe kwanza au niukate hivyo hivyo?"

Hata shikamoo ilinitoka kichwani. Nilimwambia asiweke kitu chochote jichoni, apande gari la kwanza aje Tanga mjini, nami nitamsubiri stendi.

Swali lake halikuwa la kijinga. Klipu ile haikutunga uongo; iliruka tu hatua zote zilizoko kati ya kiwavi anayesokota uzi na jicho la mgonjwa. Na kwa kuwa tangu siku hiyo nimeulizwa jambo hilo hilo na watu wengine watatu, mmoja wao akitaka kujua kama utando wa buibui nao unafaa, naona ni afadhali nilieleze mara moja, polepole.

Tuanze na jicho lenyewe. Mbele kabisa, juu ya ule mduara mweusi au wa kahawia, kuna kipande kinachong'aa kama kioo cha saa ya mkononi. Wauguzi wetu hukiita kioo cha jicho. Vitabuni huitwa konea. Upana wake ni milimita 11 au 12, unene wake katikati ni kama nusu milimita. Ndicho kinachofanya karibu theluthi mbili ya kazi ya kuukunja mwanga ili uone sawasawa. Juu yake kuna ngozi nyembamba mno, tabaka tano hadi saba za seli, kama sehemu ya kumi tu ya unene wote wa kioo. Ngozi hiyo ikikwaruzika, tunasema jicho limechubuka. Mchubuko ukiingiliwa na bakteria au kuvu (fangasi, kwa lugha ya dukani) na kioo kikaanza kuliwa, hapo sasa ni kidonda cha kioo cha jicho, na hilo ni jambo jingine kabisa. Mchubuko huondoka bila kuacha alama. Kidonda huacha kovu jeupe, na kovu katikati ya kioo ni sawa na kupaka chokaa dirisha.

Kwa mtu asiyewahi kuuona mchubuko, hivi ndivyo unavyoonekana. Pale hospitali, muuguzi alichukua kipande cha karatasi chenye ncha ya rangi ya machungwa, akaigusisha ndani ya kope la chini la shangazi. Machozi yakageuka manjano. Kisha daktari akamwambia aweke kidevu kwenye mashine, akawasha taa ya bluu. Kwenye skrini pembeni nikaona kitu kilichonifanya ninyamaze: mstari wa kijani unaowaka, umelala kimshazari chini kidogo ya mboni, umbo la punje ya mchele. Rangi ile inaitwa fluoresini. Mahali ambapo ngozi ya kioo ni nzima inateleza na kuondoka; mahali ilipotoka, inanasa na kuwaka. Punje moja ya mchele, na ilimnyima mwanamke mzima usingizi. Sababu ni kwamba kioo cha jicho kina miisho ya neva mara mia kadhaa kuliko ngozi ya mkono kwa eneo lile lile.

Cha kushangaza ni jinsi jicho linavyojitibu. Seli za kandokando ya pengo hazisubiri kuzaliana kwanza. Zinajinyoosha na kuteleza kuelekea katikati, kama watu waliokaa kwenye mkeka wanavyosogeleana mwenzao akiinuka. Pengo likishafunikwa ndipo zinaongezeka idadi, na baadaye kabisa ndipo zinajishikiza chini zisibanduke. Mchubuko mdogo hufunga kwa siku moja hadi tatu. Kwa mwenye kisukari cha muda mrefu, kwa mwenye jicho kavu, au kwa ambaye neva za kioo zimekufa baada ya ugonjwa, seli hizo husuasua; pengo linaweza kubaki wazi kwa wiki kadhaa. Watu hao hasa ndio waliowafanya watafiti waanze kutafuta bandeji.

Kwa nini dawa ya matone haitoshi

Kioo cha jicho hakina mishipa ya damu. Kingekuwa nayo, tungeona ulimwengu kupitia wavu mwekundu. Lakini usafi huo una gharama yake: kidonge unachomeza kinasafiri kwenye damu, na damu haifiki pale. Oksijeni ya kioo hutoka hewani moja kwa moja, ikiyeyukia kwenye machozi. Dawa nayo lazima ipitie mlango wa mbele, ndiyo maana tunatiwa matone.

Sasa fanya hesabu. Tone moja la kichupa cha kawaida lina mikrolita 30 hadi 50. Machozi yaliyotanda juu ya jicho lako wakati unasoma hapa ni kama mikrolita 7. Ni kama kumimina jagi zima la maji kwenye kikombe kimoja cha kahawa chungu: nyingi inamwagikia shavuni. Inayobaki inasukumwa na kope kila unapopepesa, mpaka kwenye kitundu kidogo kilichoko kona ya ndani ya jicho, na kutoka hapo inashuka puani hadi kooni. Kama umewahi kutiwa klorampheniko na baada ya dakika moja ukasikia uchungu ulimini, ujue ulikuwa unaionja dawa iliyopaswa kuwa jichoni. Dawa inayopenya kweli ndani ya jicho kwa kawaida haifiki asilimia 5 ya ile iliyotiwa.

Kwa hiyo daktari anafidia kwa kurudia. Kidonda kikali kinaweza kutiwa dawa kila saa, usiku na mchana, na aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa namna hiyo anajua maana ya kuweka kengele ya simu mara nane kati ya saa nne usiku na alfajiri. Dawa ya mafuta, ile ya kwenye tyubu, inakaa zaidi, ila mgonjwa anaona ukungu.

Hapo ndipo wazo la bandeji linapoingia. Usifikirie shashi na plasta. Fikiria utando unaopitisha mwanga, mwembamba kuliko karatasi ya nailoni ya kufungia karanga, unaolala juu ya kioo cha jicho chini ya kope. Unafanya kazi mbili kwa pamoja: kuzuia kope lisilikwaruze jeraha kila linapopita, na kuachia dawa kidogo kidogo mahali pale pale panapoitaka.

Wazo si geni. Mwaka 1961 mwanakemia wa Chekoslovakia, Otto Wichterle, alitengeneza lenzi laini za kuvaa jichoni kwa mtambo alioujenga nyumbani kwa vipande vya mchezo wa watoto, na lenzi za aina hiyo mpaka leo madaktari huzitumia kama bandeji ya kioo kilichochubuka. Tangu 1940 kuna waliojaribu kutumia utando unaomzunguka mtoto tumboni, ambao sasa huhifadhiwa na kushonwa au kubandikwa juu ya majeraha sugu. Miaka ya 1980 zikaja ngao za kolajeni, protini inayoishikiza ngozi na mifupa yetu, zinazoyeyuka zenyewe. Na mwaka 2022 Marekani iliidhinisha lenzi ya kuvaa yenye dawa ya mzio ndani yake, kwa ajili ya macho yanayowasha. Kila moja ina kasoro yake. Lenzi ya kawaida inashika dawa vibaya: nyingi inatoka saa za mwanzo kisha inaisha. Utando wa uzazi unatoka kwa mtu, lazima upimwe magonjwa, na hauonyeshi vizuri. Kolajeni inayeyuka upesi, na si kila mara unaweza kuiamuru iyeyuke lini.

Kutoka kwenye kifukofuko mpaka kwenye utando

Jioni ile, shangazi akiwa ametulia na dawa, tulifanya jaribio mezani. Tulichomoa uzi mmoja pembeni mwa mtandio, nikauwasha kwa kiberiti. Uzi wa hariri ya kweli ukiungua unanuka kama nywele zilizoungua, na unaacha jivu linalopondeka vidoleni. Ule wa shangazi uliyeyuka ukajikunja kuwa kijitone cheusi kigumu, na chumba kikanuka plastiki. Polista. Shangazi aliutazama mtandio muda mrefu, kisha akautazama uso wangu, kana kwamba mimi ndiye niliyeuza.

Harufu ile ya nywele ndiyo somo lenyewe. Hariri ni protini, kama nywele, kama ute wa yai. Kiwavi wa hariri, Bombyx mori, hulishwa majani ya mforosadi mpaka anenepe, kisha anajizungushia nyumba ya uzi mmoja usiokatika. Nyumba hiyo ni kifukofuko, ndogo kuliko yai la kuku, na uzi wake ukifumuliwa unafika mita 600 hadi 1,500. Ndani ya uzi huo kuna vitu viwili. Cha kwanza ni uzi wenyewe, protini inayoitwa fibroini. Cha pili ni gundi inayoubandika, serisini, kama robo ya uzito wote. Gundi hiyo ikibaki, mwili unaweza kuichukia na kuvimba, kwa hiyo lazima iondolewe.

Inaondolewaje? Kwa kuchemsha. Vifukofuko vinakatwa, mdudu anatolewa, kisha vinatokoswa kwa nusu saa hivi kwenye maji yenye sodiamu kaboneti. Mpishi yeyote wa maharage anakaribia kuijua kemikali hiyo: ni ndugu wa magadi, na ndiyo inayochimbwa kwa maelfu ya tani Ziwa Magadi kule Kenya. Serisini inatoka ikiteleza kama maji ya bamia, zinabaki nyuzi nyeupe za fibroini zinazofanana na pamba.

Baada ya hapo jikoni hapatusaidii tena, kwa sababu fibroini haiyeyuki kwenye maji. Inalazimishwa kwa chumvi kali sana ya lithiamu bromaidi, halafu chumvi hiyo inatolewa kwa kuuloweka mchanganyiko ndani ya mfuko wenye vitundu vidogo mno, maji yakibadilishwa kwa siku mbili hivi. Kinachobaki ni kimiminika chenye umanjano kwa mbali: hariri iliyorudishwa kuwa majimaji, karibu kama ilivyokuwa ndani ya tezi ya kiwavi. Ukiimimina kwenye sahani bapa na kuiacha ikauke, asubuhi unabandua utando unaong'aa kama kioo.

Hapa kuna hatua ambayo klipu nyingi haziitaji, nami ndiyo naiona nzuri kuliko zote. Utando huo ukiuweka jichoni ukiwa hivyo, utayeyuka mara moja. Lazima kwanza "uivishwe" kwa mvuke wa maji au kwa spiriti. Minyororo ya protini iliyokuwa imelegea inajikunja, inapangana, inabanana kama sahani zilizobebana kabatini, na kuanzia hapo maji hayaifungui kirahisi. Ni kama ute wa yai: ukishaiva haurudi kuwa majimaji. Tofauti ni kwamba fundi wa maabara anaweza kuamua yai liive kiasi gani. Utando ulioivishwa kidogo unayeyuka mapema. Ulioivishwa sana unaweza kudumu miezi. Vimeng'enya vya mwili vinaula taratibu, na kinachobaki ni asidi za amino, vipande vile vile vinavyotokana na nyama na maharage tunayokula.

Dawa hutiwa wakati hariri bado ni majimaji, kama iliki kwenye unga wa mandazi kabla haujakandwa. Ikikauka, dawa inakuwa imenaswa ndani. Baadhi ya dawa hushikwa pia kwa sababu fibroini ina chaji hasi na dawa ina chaji chanya, zikang'ang'aniana. Kisha machozi yanapoulowesha utando, dawa inajipenyeza nje. Inatoka upesi kiasi gani? Inategemea utando umeiva kiasi gani, una unene gani, na dawa yenyewe ni kubwa au ndogo. Ndiyo maana ukisikia mtu anasema "bandeji ya hariri inatoa dawa kwa siku kadhaa", muulize: dawa ipi?

Nyingi ya kazi hii ya kuigeuza hariri kuwa kifaa cha tiba ilianzia Chuo Kikuu cha Tufts, jimbo la Massachusetts, kwenye maabara ya David Kaplan na mwenzake Fiorenzo Omenetto. Brisbane, Australia, Traian Chirila na wenzake wamekuwa wakikuza seli za uso wa jicho juu ya utando wa fibroini. Na mwaka 2012 Brian Lawrence, Mark Rosenblatt na mwenzao walionyesha kwamba ukiuchora utando kwa mifereji midogo isiyoonekana kwa macho, seli za kioo cha jicho zinatembea kufuata mifereji hiyo, kama maji yanavyofuata matuta shambani. Yaani bandeji haifuniki jeraha tu; inaweza kuzielekeza seli pa kwenda.

Ile dawa ndani ya utando inaweza kuwa antibayotiki, ya kupunguza uvimbe, au kitu cha kuhimiza seli zikue. Kinachowashangaza wengi ni insulini, ile ile ya wagonjwa wa kisukari: ikitiwa jichoni kwa kipimo kidogo, imewasaidia wagonjwa ambao michubuko yao ilikataa kufunga. Naomba mtu asichukue insulini ya baba kwenye friji akajitia. Ile ya sindano ina vihifadhi na nguvu ambavyo jicho halikuandaliwa, na madaktari huizimua kwa vipimo.

Kuna jambo moja zaidi linalotuhusu sisi wa nchi za joto kuliko wengine. Mwaka 2012 maabara ya Kaplan ilichapisha kazi iliyoonyesha kwamba antibayotiki, hata chanjo ya surua, zikifungiwa ndani ya hariri zinavumilia joto ambalo kwa kawaida lingeziharibu, kwa majaribio yaliyofika nyuzi joto 60. Protini zile zilizobanana zinaikumbatia dawa na kuizuia isijikunjue. Anayejua zahanati ambayo umeme hukatika na friji hugeuka kabati ataona mara moja kwa nini habari hiyo ina uzito kuliko klipu nzima ya WhatsApp.

Basi iko wapi?

Haiko dukani. Usimtafute muuza dawa akupe bandeji ya hariri ya jicho. Akikupa, kakuuzia kitu kingine. Sehemu kubwa ya ushahidi ni wa seli zilizokuzwa kwenye vyombo na wa wanyama. Kwa binadamu, kilichosonga mbele zaidi ni matone yenye protini itokanayo na hariri kwa ajili ya jicho kavu, yaliyofika awamu ya pili ya majaribio. Matone, si bandeji.

Na wanyama wenyewe wanadanganya kidogo. Sungura ndiye anayetumiwa sana kwa tafiti za macho kwa sababu jicho lake ni kubwa na mpole anashikika. Lakini sungura anapepesa macho mara chache tu kwa saa nzima. Binadamu anapepesa kama mara 15 kwa dakika. Utando uliotulia siku tatu juu ya jicho la sungura haujakutana na kope la shangazi yangu. Ukingo ukiinuka kidogo tu, kope linaunasa, bandeji inajikunja, na mgonjwa anaona afadhali mchubuko.

Kuna mengine. Utando lazima upitishe oksijeni, kwa sababu kioo kinapumua hewani. Ukiziba, kioo kinavimba na kuwa na ukungu. Lazima uwe umetakaswa vijidudu bila kuiua dawa iliyomo. Na ukimfungia bakteria chini ya bandeji, umemjengea nyumba yenye joto. Kwa sababu hiyo hiyo daktari hawezi kuiweka bandeji yoyote, ya hariri au ya lenzi, juu ya jicho ambalo huenda lina maambukizi bila kulifuatilia kwa karibu sana. Na wale wanaonunua lenzi za rangi saluni wakalala nazo, wanafanya jaribio hilo kila usiku bila daktari.

Malighafi haitakuwa kikwazo. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu pale Nairobi, imewafundisha wakulima wa Kenya kufuga viwavi wa hariri kwa miaka mingi, na Mwingi kuna watu wanaokusanya vifukofuko vya nondo wa porini kwenye migunga. Ila hariri ya kufumia kitambaa na ya kuwekwa jichoni zinatofautiana kama maji ya mtoni na maji ya dripu. Na huyo wa porini si Bombyx. Protini yake imepangwa tofauti. Utando wa buibui pia ni hariri, ndiyo, lakini ule wa kwenye dari umebeba vumbi, mabawa ya nzi na kila kilichopita.

Wengine wanadhani hariri yenyewe ndiyo dawa. Ina sifa zake, seli zinaipenda, na madaktari wa macho waliishonea kwa miongo mingi bila shida kubwa. Lakini katika bandeji hii ni chombo, kama kapsuli. Na kazi yake inaishia kwenye uso wa jicho. Haiwezi kuondoa mtoto wa jicho, ambao uko ndani zaidi kwenye lenzi ya asili ya jicho, wala presha ya macho.

Kinachonisikitisha ni kwamba wakati tunaisubiri, tunaharibu macho kwa vilivyopo. Mlipuko wa macho mekundu ulipoingia Dar es Salaam Januari 2024, na baadaye pwani ya Kenya, watu walijitibu kwa kila kitu, kuanzia maji ya chai hadi maziwa ya mama. Utafiti wa Mbarara, Uganda, uliochapishwa 2019 ulikuta kwamba asilimia 60 hivi ya wagonjwa wenye vidonda vya kioo cha jicho walikuwa wameshatumia dawa za kienyeji kabla ya kufika hospitali. Na sitaki kuwalaumu wanaotumia majani peke yao. Hatari kubwa mno iko kwenye kichupa chenye lebo safi: matone yenye steroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe, kama deksamethasoni, yanayouzwa bila cheti kwa mtu mwenye jicho jekundu. Wekundu unaisha, mtu anafurahi, kumbe kinga ya jicho imelazwa usingizi na kuvu inakula kioo. Kwa jicho lililopigwa na jani la mahindi hilo ni jambo la kuogopa hasa, maana kuvu inapenda kuingia kwa njia hiyo. Matone ya ganzi nayo ni hivyo: yanatuliza maumivu kwa dakika chache, ukiyazoea yanazuia jeraha kufunga.

Hata kulifunga jicho kwa shashi, jambo ambalo mama zetu wote walilifanya, halina faida iliyodhaniwa. Mwaka 2016 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba, walipitia tafiti 12 za michubuko ya kawaida; jicho lililofungwa halikupona mapema kuliko lililoachwa wazi.

Kilichofanya kazi, na cha bei ya chini, kilionekana Bhaktapur, Nepal. Wahudumu wa kujitolea vijijini walifundishwa kuitambua michubuko kwa ile rangi na taa ya bluu, na kumpaka kila aliyechubuka mafuta ya klorampheniko mara tatu kwa siku kwa siku tatu. Matokeo yalichapishwa 2001. Kati ya watu 442, 424 walipona bila maambukizi. Na katika wale walioanza dawa ndani ya saa 18, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Hakuna hariri, hakuna maabara. Tyubu moja na mtu anayejua kutazama, saa chache baada ya jani kuchapa.

Shangazi alikuwa ameshapita saa 18 hizo mara mbili. Alipewa antibayotiki ya matone mchana na ya mafuta usiku, akaambiwa arudi kesho yake. Muuguzi alimfundisha kitu ambacho mimi pia sikukijua: ukishatia tone, fumba jicho bila kulikaza, kisha bonyeza kwa kidole kona ya ndani kando ya pua, dakika mbili. Unakuwa umeziba kile kitundu cha kwendea kooni. Jioni alijaribu bila kubonyeza, kisha akajaribu akibonyeza, akasema uchungu wa kooni umepungua kweli.

Alhamisi ile taa ya bluu haikuonyesha punje tena. Daktari alimtaka arudi baada ya wiki na baada ya wiki mbili hata kama haumwi, kwa kuwa kuvu huchelewa kujitokeza. Nilipomsindikiza stendi alikuwa na simu sikioni, anaongea na mwanawe wa Muscat, na alichokuwa anamuuliza ni bei halisi ya ule mtandio.